Bundi Mdogo wa Murera

Ruiru,
14 Septemba 1958.

Ndugu yangu Dalmas,

Salamu zangu zikufikie huko Kisumu zikukute umekaa kitako na moyo umetulia. Je, hujambo wewe, na mama watoto, na yule mdogo aliyekuwa akisumbuliwa na kifua? Nilimwombea sana. Sisi hapa tunaendelea. Baridi ya mwaka huu ilikuwa ya kutuonea, ukungu ulikaa juu ya kahawa mpaka saa nne asubuhi, lakini sasa jua limeanza kurudi na mahindi ya nyuma ya nyumba yameshika. Magdalene anakusalimu. Ameniambia nikuulize kama bado unakunywa chai bila sukari, kwa sababu nilipomweleza habari hiyo alikataa kuamini.

Najua umeninunia. Barua yako ya mwezi wa Mei ninayo hapa mezani, na haikujibiwa. Si kwamba nilikusahau. Kila nilipokamata kalamu nilikuwa na hasira, na mtu akiandika kwa hasira hulazimika kuandika barua ya pili kuomba radhi. Basi nikangoja. Leo nadhani naweza kukueleza yote kwa utaratibu, nawe unisikilize kama tulivyokuwa tukisikilizana chuoni.

Uliniuliza kama bado nawafuata bundi, kama tulivyofanya mimi na wewe wakati wenzetu walipotuita wachawi na kukataa kulala kitanda cha karibu nasi. Ndiyo, bado. Miaka ile ya amri ya kutotoka jioni nilikuwa nikiwasikiliza kupitia dirishani tu, nimelala kitandani nimekodoa macho gizani. Amri ilipolegezwa huku kwetu, watu wengine walikimbilia kutembeleana. Mimi nilimshika Magdalene mkono tukashuka mtoni jua likizama, na majirani wakatutazama kama watu waliorukwa na akili.

Wewe unamjua kwa picha ya arusi peke yake, kwa hiyo niruhusu nikwambie kidogo. Ni mwalimu kama mimi, katika shule ileile, anafundisha watoto wa darasa la kwanza. Kwao alilelewa kuogopa ndundu, ndivyo wanavyomwita bundi. Nyanya yake alikuwa akisikia mmoja juu ya paa anatoa kijinga cha moto jikoni na kumrushia, huku akimtukana ili akapeleke kifo chake kwingine. Mwanamke wa malezi hayo nilimfundisha mimi. Nilimwambia aanze kutazama chini, si juu: chini ya mti wenye bundi utakuta michirizi myeupe kama chokaa iliyomwagika, na vile vidonge vya manyoya na mifupa anavyovitapika baada ya kumeza panya mzima. Nilimwambia akiona ndege wadogo wamekusanyika mahali wanapiga kelele za ugomvi mchana, asogee, maana huenda wamemfumania mzee amelala. Nilimwonyesha yule mweupe wa kwenye dari za maghala ya kahawa, mwenye uso kama moyo, ambaye halii bali anapiga ukelele. Nilimwonyesha wale wa kwenye mikuyu ya mtoni, wasio na pembe za manyoya, wenye macho meusi, dume anauliza na jike anajibu. Nilimpeleka hata mto Chania, tukamwona babewatoto mwenyewe, bundi mkubwa kama mtoto wa miaka miwili, akifumba kope zake za rangi ya waridi kama bibi harusi anayeona haya. Magdalene alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo hofu yake ikaisha, na mimi nikawa mtu mwenye furaha kuliko wote wilayani Thika.

Halafu akanipita, Dalmas.

Sijui lini hasa. Tulikuwa tukitembea, mara anainua kidole na kusema, "Huyo!" nami sijajua hata kama kuna kitu. Mwanzoni nilijivuna, kama mwalimu anavyojivunia mwanafunzi. Niliwaambia walimu wenzangu kuwa mke wangu ana masikio ya paka. Baadaye nikaacha kuwaambia. Ilikuwa kila jioni ni yeye, kila mti ni yeye, na mimi namfuata nyuma nikitazama anakoelekeza, nikisema ndiyo, nimemwona, hata pale ambapo sikumwona.

Katika hali hiyo ndipo akaja Harbans Singh.

Huyu ni Sikh mwenye kiwanda cha kupasua mbao kule Thika, mtu mrefu, ndevu zimeanza mvi, kilemba chake safi hata katikati ya vumbi la mbao. Alikuja shuleni mwezi wa Februari kupima madawati mapya. Dirishani pa darasa langu aliona vidonge vya bundi nilivyopanga juu ya gazeti ili watoto waone mifupa ya panya. Nilitarajia ashike pua. Badala yake alikiokota kimoja, akakivunja kwa kidole gumba, akatoa taya ndogo na kusema huyo ni yule mweupe, kwa sababu wawili kama hao wanakaa juu ya boriti za kiwanda chake, na amewakataza vijana wake kuwatupia vipande vya mbao. Nilimkumbatia, au karibu. Tangu wewe uende zako sikuwa nimekutana na mwanamume mwenye ugonjwa wetu. Alikuwa na darubini nzuri na kamera, na alikuwa na lori. Jumapili iliyofuata alikuja kutuchukua.

Nilimkaribisha mimi mwenyewe nyumbani kwangu. Hilo nataka ulijue, kwa sababu baadaye nilisema mengine.

Ndani ya lori mna kiti kimoja kirefu. Harbans anaendesha, mimi nataka kukaa katikati kama inavyopasa, lakini Magdalene akapanda kabla yangu akakaa katikati, bega lake kando ya bega la Harbans, akanionyesha nafasi ya mlangoni. Jumapili ya pili vivyo hivyo. Nilijaribu kutangulia, akanivuta shati kwa nyuma akicheka, akapita. Nilikaa mlangoni nikatazama makonge yakipita safu kwa safu, na kila kona lori lilipoyumba nilihesabu moyoni ni nani ameegemea nani.

Kisha ile hadithi ya machimbo. Kuna machimbo ya mawe upande wa juu wa Ruiru ambayo watu wameacha kuchimba. Magdalene alipita huko Jumamosi akitoka kumwona mgonjwa, akamkuta bundi wa kijivu, mwenye madoadoa na pembe mbili za manyoya na macho ya njano, amekaa kwenye ukingo wa jiwe kama sehemu ya jiwe lenyewe. Alikuja mbio kunieleza, mimi wa kwanza, hajavua hata viatu. Kesho yake Harbans alipofika nilimwambia, "Nimekupatia bundi wa mawe." Nimekupatia, nilisema. Harbans alinipa mkono, akampiga picha kwa furaha, akasema mwalimu ana macho ya tai. Magdalene alinitazama mara moja, akainama kufunga kamba ya kiatu. Nyumbani hakunigombeza. Ningependa angenigombeza, kwa sababu ule ukimya niliutafsiri nitakavyo: niliona anaona haya mbele ya Harbans kwa kuwa na mume kama mimi.

Baada ya hapo kila kitu kikawa ushahidi. Alianza kunisemesha kwa sauti ya juu, akinikabili uso kwa uso, kama anavyowasemesha watoto wa darasa lake, nikaona amenidharau. Nikimjibu, mara nyingine alinitazama kwa huruma kisha akalirudia swali lake kwa maneno mengine. Madawati yalipoletwa, Harbans aliyapanga darasani mwangu nusu duara, watoto wote wakinielekea, si kwa safu kama madarasa mengine. Nilimuuliza nani kamwagiza. Alisema ni mama mwalimu aliyeomba. Kwa nini mke wangu amwombe yeye jambo la darasa langu bila kunieleza? Na jioni moja nilipotoka kichakani nilikokuwa nikichungulia shimo la mti, niliwaona wamesimama kando ya lori, vichwa vimekaribiana, Magdalene anaongea na Harbans anatikisa kichwa kwa huzuni. Waliponiona midomo ikafungwa. Magdalene akafuta macho.

Ewe Dalmas, hujawahi kuonja kitu hicho, na nakuombea usikionje. Nilikuwa nikifundisha hesabu huku nawaona wale wawili ubaoni. Nilikuwa nikila chakula chake kwa kukitafutia kasoro. Usiku nilimtazama amelala nikajiuliza anaota kwa lugha gani. Harbans ana mke, Jasbir, mama mkarimu ambaye ametuletea vitamu vya maziwa mara nyingi, nami nilifika mahali pa kumtazama hata mama huyo kwa kumsikitikia, kama vile sisi wawili tumeibiwa nyumba moja.

Jumapili ya mwisho ya Agosti tulikwenda Murera. Kuna nyika ya migunga huko, nyasi ndefu na mchwa wengi, na Harbans alikuwa amesikia habari za bundi mdogo, yule asiyezidi ngumi, ambaye mchana anajibana kwenye shina akafanana na gamba la mti, hata ukimgusa unaweza kudhani umegusa gome. Wewe na mimi hatukumpata kamwe, unakumbuka, tulimtafuta mwaka mzima. Nilikuwa nimeapa kumpata mimi. Nilikagua kila shina mpaka shingo ikaniuma, jua likashuka, nyasi zikawa nyekundu, na wao wawili wamesimama tu hatua chache mbele, hawatafuti, kama watu waliokuja matembezi.

Ghafla wote wawili wakageuza vichwa. Pamoja, upande mmoja, kama waliovutwa kwa kamba moja. Kisha wakatazamana wakatabasamu.

Nami sikusikia kitu. Upepo haukuwepo. Palikuwa kimya kabisa.

Wakangoja kidogo, wakatabasamu tena. Ilikuwa wazi kwangu kwamba wana ishara yao, na kwamba wameichoka hata tabia ya kunificha.

"Mnachekea nini?" niliuliza.

"Huyo hapo," Magdalene akasema. "Msikilize."

"Nani?"

"Bundi, Gerishon. Analia tangu tulipofika. Yuko kwenye mgunga huo."

Nilimwambia hakuna bundi. Nilimwambia mimi si mjinga, kwamba nimekaa mlangoni mwa lile lori miezi yote hii nikitazama kila kitu, na kama ananitaka nimwachie nafasi aseme waziwazi badala ya kunifanyia michezo ya watoto porini. Nilisema mengine ambayo sitayaweka kwenye karatasi. Harbans alivua darubini shingoni taratibu, akanyoosha mkono kunipa, akasema kwa Kiswahili chake cha kiwandani, "Mwalimu, bundi iko. Haki ya Mungu, bundi iko." Macho yake yalikuwa na machozi, na machozi hayo ndiyo yaliyonichoma zaidi. Niliusukuma mkono wake nikageuka, nikashika njia ya kwenda barabara kuu kwa miguu.

Nilitembea katikati ya ile barabara ya vumbi kwa sababu kingo zake zina miiba. Nilikuwa nikijisemea, nikipanga nitakavyompeleka Magdalene kwa wazazi wake, nitakachosema, watakachojibu. Ghafla nikahisi ardhi inatetemeka chini ya nyayo, upepo ukanipiga mgongoni, na lori la mkonge likapita kando yangu karibu kunikwangua kiwiko, likaingia shimoni, likasimama limeinama, matita ya mkonge yanaporomoka. Dereva alishuka akaubamiza mlango. Alikuja mpaka usoni pangu, nikaona mishipa ya shingo yake.

"Nimekupigia honi tangu kule darajani!" alinipigia kelele. "Wewe ni kiziwi?"

Nilifungua mdomo nimtukane. Nilisimama pale nikimtazama yule mtu, nikageuka kutazama daraja. Lilikuwa mbali sana, Dalmas. Mtu anayepiga honi kutoka pale angeamsha nchi nzima.

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Daktari alikuja kusema baadaye, lakini dereva wa mkonge alitangulia.

Lori la Harbans lilifika, akashuka, akasaidiana na dereva kurudisha matita bila kunitazama, ili nisione haya. Magdalene alikuja akasimama upande wangu wa kulia. Nikamuuliza amejua tangu lini. Alisema tangu mwaka jana, siku aliyopita mlangoni mwa darasa langu akasikia mtoto wa nyuma akitoa tusi la nguoni, na mimi nikajibu, "Vizuri sana, kaa chini." Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha, la kulia bado, ndiyo sababu katika lori na njiani alihakikisha yuko kulia kwangu. Hakumweleza mtu. Harbans ndiye aliyemuuliza, safari ya kwanza tu, kwa kuwa baba yake mzazi alipoteza masikio kwenye misumeno na yeye alikua akimwona mzee akisoma midomo ya watu. Aliponiona nikitazama midomo alijua. Yale madawati lilikuwa wazo lake, na Magdalene akalipokea.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alisema alijua ningeacha kazi siku hiyohiyo kwa kiburi, na kwamba ningeacha bundi pia, na hakujua mimi bila vitu hivyo viwili angeishi na nani. Kisha akalia, na mimi niliona analia, sikumsikia.

Tumekwenda Nairobi kwa daktari. Alinipigia vyuma vya kila namna karibu na kichwa. Sauti nene bado zinaingia, kwa hiyo wale wa mikuyuni ningali nao, na yule mweupe akipiga ukelele juu ya kichwa changu namsikia, lakini sauti ndogo zimekwenda zake na nyingine zinajiandaa kuzifuata. Hakujua chanzo. Hakuna dawa. Nilimuuliza nimebakiwa na muda gani, akasema huenda miaka, huenda sikio lisifike Pasaka. Mwalimu mkuu tumemwambia. Ameahidi nitabaki darasani kadiri nitakavyoweza, na baada ya hapo tutaona. Kwa Harbans nilikwenda peke yangu, kwa baisikeli, mpaka kiwandani. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, lakini misumeno ilikuwa inanguruma na hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake, si mimi wala yeye wala vijana wake, wote tulikuwa sawa. Nikamshika mikono. Akanipeleka nyumbani kwa Jasbir tukanywa chai.

Lakini kwa kuwa wewe ni ndugu yangu nitakwambia na lile ambalo sijamwambia Magdalene. Wivu haujaniacha. Nilidhani nikijua ukweli utaondoka, nao umeongezeka. Zamani niliwaonea wivu kwa kitu ambacho hawakuwa nacho. Sasa nawaonea wivu kwa kitu walichonacho kweli. Wakigeuza vichwa najua wamepata nini, na najua sitakipata. Namwonea wivu mke wangu, Dalmas, namwonea wivu Harbans, nawaonea wivu watoto wa darasa la kwanza, na yule dereva wa mkonge. Siku nyingine nakaa nje jioni namchukia kila mtu anayepita barabarani kwa kuwa anasikia viatu vyake.

Jumapili iliyopita tulirudi Murera, sisi watatu. Sikutaka, Magdalene alinilazimisha. Tulisimama palepale. Alikunja mkono wa shati langu akaweka kidole chake juu ya mshipa wa mkono, akatulia. Baada ya muda akagonga, mara moja, kidogo tu, kama mtu anayepiga hodi akiogopa kuamsha watoto. Akatulia tena. Nikangoja. Akagonga. Nikaelewa ni nini, na nikaelewa pia jinsi yule ndege anavyongoja kati ya neno na neno, jambo ambalo hata watu wenye masikio sijui kama wanalitilia maanani. Harbans alimwelekezea darubini akanipa, na safari hii niliipokea. Alikuwa pale, amejibana na shina, jicho moja limefunguka kama uzi. Koo lake lilivimba na wakati uleule kidole kikagonga.

Basi hiyo ndiyo habari yangu. Sikuandika ili unihurumie. Nina ombi. Shule zikifungwa Desemba panda gari moshi uje. Njoo na mama watoto ukiweza, kama huwezi njoo peke yako. Usingoje mwaka kesho, na usiniandikie kwamba utajaribu. Nataka tukae uani uzungumze, lolote, hata bei ya samaki, uzungumze mpaka Magdalene akuchoke, nami niishike sauti yako vizuri kabla haijanitoka.

Nisalimie wote hapo nyumbani, mkubwa kwa mdogo, na yule mgonjwa mdogo mbusu kwa niaba yangu. Magdalene anasema ile habari ya chai ataithibitisha kwa macho yake.

Ni mimi nduguyo akupendaye,

Gerishon Ndung'u